Bunduki ya Baba Usimpe Mwita

Bandarini, wiki ya saba tangu soko lishambuliwe

Mdogo wangu Magori,

"Kama wale watu wa soko lenu wangekuwa na bunduki, yule mtu asingefikia risasi ya tatu." Hayo ni maneno yako, ukurasa wa kwanza wa barua yako, tena umeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu kama mwalimu anayesahihisha daftari. Nimeyasoma mpaka karatasi imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Ni uongo, Magori. Sisemi wewe ni mwongo. Nasema maneno hayo ni uongo, na aliyekupa hakuwamo sokoni. Mimi nilikuwamo.

Lakini kwanza tusalimiane, hasira isije ikatufanya watu tusiolelewa. Hamjambo wewe na shemeji? Mama anaendeleaje na goti lake, bado anakataa kulikanda mpaka aombwe na watu watatu? Mihogo ya kule bondeni imepona ule ugonjwa wa majani kujikunja? Mimi ni mzima kwa maana ya mwili. Nakula, nafanya kazi. Usingizi ndio sina, na sababu yake utaiona humu ndani. Nakuomba usiiruke barua hii ukasoma mwisho kwanza, maana najua tabia yako.

Ilikuwa saa nne asubuhi, tunashusha makasha ya sangara. Ndiyo, sangara wa ziwa letu. Tangu vilipofunguliwa viwanda vya minofu huko, samaki wa Musoma anafika hapa amegandishwa kama tofali, na mimi niliyeacha ualimu kwa kukosa chaki na sabuni nalipwa kumbeba kwenye nchi ya watu. Nilikuwa ndani ya chumba cha barafu, nina ile ndoano ndefu ya chuma tunayovutia makasha. Nikasikia kishindo, nikadhani kasha limeanguka. Kikaja kingine. Halafu watu wakaanza kupiga kelele kwa lugha yao, na kelele za namna ile hazihitaji mkalimani.

Yule mtu aliingia kwa mlango mkubwa na koti refu. Bunduki zake mbili zilikuwa na leseni. Hilo ndilo nataka ulipigie mstari kwa kalamu yako nyekundu: leseni, yenye muhuri na picha yake akitabasamu. Karatasi aliyoiacha kwake ilisema anausafisha mji, awatoe wageni kama sisi. Wengi aliowaua walikuwa wenyeji. Mmoja ni bibi aliyekuwa anakuja kila Alhamisi kuchukua vichwa vya samaki vya paka wake. Tulikuwa tunamwekea kwenye ndoo. Ndoo yake ilibaki pale pale siku tatu, hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Sasa unasema wangekuwa na bunduki. Mmoja alikuwa nayo. Anaitwa Osvaldi, anaendesha gari la kunyanyulia makasha, na siku ile alikuwa na bunduki yake ya kuwindia ndani ya gari lake nje, kwa sababu mchana alikuwa aende porini na shemeji zake. Ni mtu mwema, hodari, si mlevi. Aliposikia milio alikimbia nje akaichukua, akaingia kwa mlango wa nyuma. Wakati huo huo mimi nilikuwa natoka kwenye chumba cha barafu kwa mlango huo huo, ule mvuke mweupe umenizunguka, mikononi nina chuma kirefu. Akaninyooshea. Magori, niliona tundu la ile bunduki. Niliona kidole chake. Nikaita, "Osvaldi! Ni mimi! Wambura!" Aliniangalia kama hanijui, kisha akanijua, akaishusha, akakaa chini sakafuni kwenye maji ya samaki. Yule muuaji aliendelea na kazi yake upande wa pili mpaka polisi walipofika. Mtu wetu mwenye bunduki hakumpata muuaji. Alinipata mimi.

Ndiyo hesabu yote ya bunduki yenu inayookoa. Ikuingie.

Baadaye mji mzima ulikuja na maua. Walipanga maua kuanzia mlangoni mpaka kwenye mizani, na mishumaa, na barua za watoto wa shule. Watu wasiosalimianaga hata kwenye ngazi za nyumba zao walisimama wakashikana mikono. Wiki moja hivi. Halafu mabishano yakaanza. Redioni, makanisani, kwenye foleni ya mkate. Serikali yao imetoa pendekezo: bunduki za namna ile zizuiwe, na aliyenazo azirudishe kituo cha polisi. Chama cha wawindaji kikasimama kidete. Wakasema maneno yako, Magori, neno kwa neno, utadhani mliandikiana.

Kwenye kantini yetu kulikuwa na mkutano. Marta, mama anayepima samaki, mtu mnene mwenye mdomo usio na breki, alisimama juu ya kiti.

"Mume wangu anazo mbili," alisema. "Mbili! Miaka kumi na saba ameua bata wanne. Mimi kwa kisu cha jikoni ningeua zaidi. Kesho nazipeleka mwenyewe."

Watu wakacheka, cheko la watu waliochoka. Mmoja akamzomea, "Zipeleke na mume kabisa!"

"Yeye watakataa kumpokea," akajibu.

Kisha akasimama Osvaldi. Akasema mtu mwema hapaswi kunyang'anywa bunduki kwa kosa la mwendawazimu. Akasema bunduki si mbaya, mbaya ni mkono. Sauti yake ilikuwa thabiti. Lakini muda wote alikuwa anaangalia dirishani, hakuniangalia mimi hata mara moja, na hakusema lililotokea mlangoni. Wewe unanifahamu, mimi nimegombana na makatibu wa chama huko Musoma mpaka wakanihamisha shule mara tatu. Nimeandika magazetini nikiwaita wakubwa majina yao halisi. Nilikuwa na haki ya kusimama nikamuumbua pale pale. Sikusimama, kwa sababu nilipomtazama akisema yale maneno yake mazuri huku akificha jambo moja, nilijiona mimi.

Nije kwenu sasa.

Unaniambia wezi wa ng'ombe wamerudi, na safari hii wana silaha za vita. Nakuamini. Unaniambia zizi la mzee Machera limesafishwa na mlinzi wake amepigwa risasi ya tumbo. Roho imeniuma, nilimfundisha kijana yule darasa la nne. Unaniambia wewe, mwenyekiti wa sungusungu, umeitisha mkutano baada ya mavuno, watu watie dole gumba kwenye karatasi ya kwenda kwa mkuu wa wilaya, ili kila kaya iruhusiwe bunduki. Hilo tungebishana kama tulivyobishana siku zote, mimi na wewe, mpaka mama atutupie mwiko. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho umeandika, kwa furaha kabisa, kwamba gobori la baba umelitoa darini kwenye ghala, umelipeleka Bunda kwa fundi Rajabu akalisafisha mtutu, na kwamba siku ya mkutano utalikabidhi mbele ya watu kwa Mwita, mtoto wa marehemu mzee Mwikwabe, "ili silaha ya mzee wetu ilipe damu ya mzee wao."

Niliposoma hapo nilitoka nje nikasimama kwenye theluji bila koti.

Unajua tulivyosimuliwa sote. Mzee Mwikwabe aliuawa na wezi wa ng'ombe asubuhi ya ukungu, mwaka ule vita vilipokwisha, tunapanga foleni ya sabuni. Alizikwa kishujaa. Wewe ulikuwa Nyegina shuleni, ulikuja siku ya matanga. Uliyoyakuta yalikuwa yameshapangwa.

Mimi nilikuwa likizo. Yowe lilipigwa kabla jua halijatoka vizuri, kutoka zizi la Mwikwabe. Unajua tunavyokimbilia yowe: hakuna anayevaa viatu, hakuna anayeuliza. Anayebaki nyumbani siku hiyo huyo ndiye mwizi. Na unajua vilevile utaratibu ambao wazee walitufundisha kabla hatujajua kusoma. Ukikimbilia yowe unapaza sauti njia nzima, unataja baba yako na mji wenu, na ukikutana na mtu kwenye ukungu unamuuliza, "Wewe wa kwa nani?" naye anajibu, ndipo mkuki unashuka au unapanda. Ulikuwa ni utaratibu wa watu wenye mikuki na rungu. Mkuki unakulazimisha ufike karibu. Ukifika karibu unasikia jibu.

Mimi nilichukua gobori. Baba alikuwa nalo kwa kibali cha kufukuzia nyani shambani. Lilikuwa limeshashiba baruti tangu jana yake. Mwalimu mzima, nimesoma vitabu vya mapinduzi ya dunia, nilijiona nakimbia vitani. Na kwa sababu nina bunduki, sikupaza sauti. Unanielewa? Nilijiambia nikiita wataniona wapi nilipo. Bunduki ilinifundisha kunyamaza siku ya kwanza tu niliyoibeba.

Pale kwenye mkondo, chini ya shamba la mtama, niliona ng'ombe wanakuja kwenye ukungu. Nyuma yao mtu, ana fimbo. Anawaswaga haraka. Mtu anayeswaga ng'ombe asubuhi ya yowe ni nani? Nilijua ni nani. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika wa jambo lolote ubaoni. Nikapiga. Na baada ya kupiga, Magori, baada, moshi ukiwa bado umetanda, ndipo masikio yangu yakaniambia kitu ambacho yalikuwa yamekisikia kabla: mluzi. Ule mluzi wa kukatika katikati ambao Mwikwabe alikuwa anawapigiaga ng'ombe wake. Kijiji kizima kiliujua. Alikuwa amewafuata wezi peke yake, wakatawanyika, akawapata ng'ombe, anawarudisha nyumbani.

Nilimkuta amelala upande. Aliniangalia akanitambua. Akasema, "Mwalimu, umefika." Kama mtu anayempokea mgeni. Kisha akaniuliza, "Wamekimbilia wapi?"

Hakujua. Alidhani aliyepiga ni wale wezi.

Mdogo wangu, nimeishi miaka yote hii na swali hilo. Ningeweza kusema, ni mimi. Alikuwa bado ana pumzi ya kunisikia, labda ya kunisamehe, labda ya kunilaani, lakini ilikuwa haki yake. Badala yake niliinua mkono nikaonyesha ng'ambo ya mto. Kwa mkono huu ninaoandikia. Na wakati mkono bado uko juu, vijana wa yowe wakatokea kwenye ukungu, kila mmoja anataja baba yake kwa sauti, wakauona.

Baba alikuja nyuma yao. Alitazama gobori, akaweka kidole kwenye mtutu, akaona bado una moto. Akanivuta pembeni.

"Nani amepiga?"

"Mimi."

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi hata wewe hujaona." Akalivua koti lake, akalifunika gobori, akalipeleka nyumbani kwa njia ya mashambani. Hakulitaja tena mpaka anakufa. Hata nyani hakuwafukuza nalo. Wewe ulikuwa unashangaa kwa nini mahindi yetu yanaliwa na mzee ametulia tu.

Kesho yake vijana walivuka mto. Walikuwa na hakika, maana mwalimu ameonyesha. Walichoma nyumba za watu ambao asubuhi ile walikuwa wamelala. Mzee mmoja kipofu hakutolewa ndani kwa wakati. Sikumjua jina, na sikuwahi kuuliza, ndiyo aibu yangu ya pili. Tangu hapo wa ng'ambo wanavuka kulipiza na sisi tunavuka kulipiza, kila msimu, na wezi halisi wanapita katikati wakitucheka. Hao unaowaita adui wa asili, mnaotaka kuwanunulia risasi, uadui wao niliutengeneza mimi kwa kunyoosha mkono.

Usiniambie sasa kwamba lile lilikuwa kosa la mtu mmoja aliyehamaki. Hiyo ndiyo hoja ya Osvaldi. Mimi sikuwa mwendawazimu wala mwizi. Nilikuwa mtu mwema, mwenye kibali, ninakwenda kumwokoa jirani. Ni watu kama mimi hasa mnaotaka kuwapa bunduki, na ni mimi nimeua. Mkinipa mikono mia ya watu wema kwenye ukungu, wote wametulia kimya vidole vikiwa tayari, nitawaonyesha matanga mia. Anayetaka ulinzi adai polisi wenye mafuta kwenye gari lao, adai barabara, adai wakubwa wanaopokea ng'ombe wa wizi mnadani watajwe majina. Hayo nimeyapigania na nitayapigania. Lakini kumpa kila kaya mtutu ni kumwambia kila mtu asiulize tena "wewe wa kwa nani?"

Utasema nimesema haya kwa kuwa niko mbali, siibiwi ng'ombe. Ni kweli niko mbali. Ulifikiri nilikimbia foleni za sukari. Kila mtu alikimbia foleni, ilikuwa sababu nzuri, nikajificha ndani yake. Nilimkimbia Mama Nyangi, mjane wa Mwikwabe, aliyekuwa ananiletea maziwa shuleni kila Jumatatu kunishukuru kwa kuwa nilikuwa pale mume wake alipokata roho. Miaka miwili nilikunywa maziwa yale.

Msalimie mama. Usimsomee hii peke yake. Akae na dada yetu Bhoke, yule ana moyo mgumu wa kumshika mkono. Shemeji mwambie nashukuru kwa picha ya watoto. Fundi Rajabu wa Bunda msalimie sana, mwambie kazi yake ni safi siku zote na hana kosa lolote katika hili, ila gobori lile likirudi kwake tena asilipokee. Mjomba Nyamhanga mwambie ubishi wetu wa vyama vingi nimeuahirisha, ameshinda kwa leo.

Na wewe Magori, mwenyekiti, sikiliza, maana sasa siombi. Gobori lile lipeleke kituo cha polisi wewe mwenyewe, mchana, watu wakuone, na useme ni la nani na liliua nani. Siku ya mkutano, kabla ya dole gumba la kwanza kugusa wino, simama usome barua hii yote kwa sauti. Usiruke ukurasa wa mto. Ukisharuka hapo umekuwa baba yetu na koti lake.

Wazee wa baraza, mnaosikia inasomwa: chagueni watu kati yenu wavuke mto bila silaha, wakataje baba zao kwa sauti tangu ukingoni, waulize jina la mzee kipofu na wawaambie watu wake kwamba hawakuwa na hatia.

Mama Nyangi, nawe Mwita: msiishike bunduki ile hata kwa dakika moja. Niliyemuua Mwikwabe nina jina na anwani, vyote viko juu ya bahasha hii. Nitajieni siku ya kuja kusimama mbele yenu, na mniandikie kwa mkono wenu, si kwa mkono wa ndugu yangu.

Mimi,
Wambura, mtoto wa Machumbe